Mbwa si wangu, ni wa shemeji

Getini kwangu hapa Busia, upande wa Uganda, kulikuwa na vibao viwili. Cha juu nilikiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, MBWA KALI, na ndio najua wenye Kiswahili chao wanasema mbwa mkali, kuna mwalimu wa ng'ambo alishanisahihisha mbele za watu, lakini huku mpakani mageti yote yameandikwa hivyo na mbwa wenyewe hawajalalamika. Cha chini alikibandika mke wangu, kipande cha boksi tu: BARAFU 200. Vilikaa pamoja karibu miaka miwili, kimoja kinamwambia mtoto kaa mbali, kingine kinamwambia njoo na mia mbili yako, na hakuna aliyeona shida hapo, mimi mwenyewe nilikuwa napita katikati yake kila asubuhi naenda kutafuta pesa.

Mbwa anaitwa Simba. Na niseme mapema maana hili neno lilinitoka mdomoni mara nyingi sana wiki zile: mbwa si wangu. Ni wa shemeji, kaka yake mke wangu, dereva wa trela za Juba. Alimleta akiwa mdogo akasema nishikie mwezi mmoja tu nikirudi namchukua, akaenda, akarudi, akaenda tena, mwezi ukawa mwaka na nusu, na mimi kwa sababu kazi yangu ni kliaringi, kuwatolea watu mizigo forodhani pale mpakani, narudi usiku sana na wezi wa hapa unawajua, nikaona kumbe mbwa ana faida. Mchana namfunga kwa mnyororo nyuma ya nyumba karibu na tangi la maji, usiku namwachia azunguke kompaundi. Huo ndio ulikuwa utaratibu. Utaratibu mzuri kabisa ila unategemea mtu mmoja asisahau.

Jumapili hiyo tulikuwa na msiba upande wa Tororo, nikaamka saa kumi na moja alfajiri, nikaoga, nikakimbilia teksi. Simba sikumfunga. Wala hakuvunja mnyororo wala hakuna aliyemfungulia, nilisahau tu, nikakumbuka tukiwa tayari tumeshafika makaburini, nikajiambia ah mke yupo atamfunga, na simu sikupiga. Hili nililikalia zaidi ya wiki bila kumwambia mtu hata mke wangu, mtaona lilivyotoka.

Saa tano hivi binti wa jirani, umri wake miaka 9, akatumwa na mdogo wake barafu mbili. Geti dogo halikuwa na komeo, lingekuwaje na komeo na wateja wenyewe ni watoto. Akasukuma akaingia kama anavyoingia kila siku. Mke wangu alikuwa ndani kwenye friza, anasema alisikia kelele moja tu halafu kimya, na ule ukimya ndio uliomtoa mbio. Simba alikuwa amemshika mguuni, lile shavu la mguu, na alipoanguka akamuuma tena mkono alioutanguliza kujikinga. Mke wangu alimpiga mbwa na sufuria mpaka akaachia.

Watu walijaa dakika mbili. Na hapa kila mtu ni daktari. Mmoja anataka mafuta ya taa, mwingine anasema kateni manyoya ya huyo mbwa myachome muweke majivu kwenye kidonda, mwingine kashatoa leso anafunga kwa nguvu kabisa. Aliyetuokoa ni mpangaji mmoja wa nyuma, nesi, alikuwa ametoka zamu ya usiku amelala, akaja na kitenge na macho mekundu akawafukuza wote. Akamweka mtoto chini ya bomba, sabuni ya kufulia ile ya mche, akaosha. Akaosha. Mke wangu anasema alidhani huyu mama amechanganyikiwa maana damu imeshapungua na yeye bado anaosha tu, mpaka akamwambia dada angalia saa, dakika 15 zisipungue, huyu mdudu wa kichaa cha mbwa anaingilia kwenye kidonda na sabuni inamuua kabla hajakamata mishipa ya fahamu. Hakuna kufunga kidonda, hakuna kupaka chochote. Sabuni, maji yanayotiririka, halafu hospitali.

Wakati huo vijana wa stendi ya bodaboda walikuwa wameshachukua mawe na mmoja ana panga, wanamtafuta Simba aliyekuwa amejificha chini ya tangi. Nesi huyo huyo akawapigia kelele msimuue! Wakadhani anamhurumia mbwa. Hakuwa na huruma yoyote na mbwa. Alichotaka ni siku 10. Daktari wa mifugo alipokuja jioni alirudia maneno yale yale, mbwa aliyeuma anafungiwa mahali salama anaangaliwa siku 10, akibaki mzima anakula anakunywa basi siku aliyouma mate yake hayakuwa na kichaa, akianza kubadilika au akifa ndani ya siku hizo hiyo ni habari nyingine kabisa na kichwa kinapelekwa maabara. Ukimpiga panga siku ile ile umefuta jibu, na mtoto wa watu anabaki anahesabu siku bila kujua. Tena akaniambia sheria ya kichaa cha mbwa inampa yeye nguvu ya kumzuia huyo mbwa nikitaka nisitake, kwa hiyo nisimhamishe, nisimuuze, nisimpeleke kijijini. Halafu akaomba kadi ya chanjo.

Kadi ilikuwepo. Ilikuwa na mhuri mmoja, wa shemeji, wa zamani, na chanjo ya mbwa inatakiwa kila mwaka. Nikamwambia, daktari, mbwa si wangu. Akaandika kitu kwenye daftari lake na hakunijibu.

Sindano sasa. Kituo cha afya cha serikali ambako chanjo ni bure walikuwa wameishiwa siku ile, ikabidi kliniki ya mtu binafsi, elfu 50 sindano moja, na ratiba waliyotupa ni ya sindano tano: siku ile ya kwanza, siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Mtu asikudanganye na zile hadithi za sindano 21 za tumboni, hizo ni za zamani, siku hizi ni begani tu. Lakini kwa sababu meno yalizama na damu ilitoka, yule klinikofisa akasema chanjo peke yake haitoshi, kuna dawa nyingine inachomwa palepale kidondoni, yenyewe ni kinga iliyokwisha kutengenezwa, inalinda zile siku ambazo mwili bado unajifunza kutengeneza yake. Hiyo Busia hatukuipata. Tukaipata Mbale, na hiyo moja ilikula pesa kuliko sindano zote. Nusu ya sindano za mbele mzigo ulikuwa umefika kituoni tukachomewa bure, lakini nauli ni nauli, na mama mtoto ana genge lake la nyanya kila siku ya sindano analifunga.

Nililipa sindano ya kwanza na ya Mbale bila kuulizwa. Nasema hivi si kwa kujisifu, maana rohoni nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu zangu. Nilikuwa nasema mimi nimesaidia. Neno hilo, kusaidia. Mama mtoto alinisikia nikimwambia mtu kwenye simu ati "nimemsaidia yule mtoto wa jirani" na hakusema kitu, kesho yake asubuhi alikwenda polisi.

Polisi walimpa ile fomu namba 3 wanayoita PF3, daktari anaijaza majeraha yote, wapi, ukubwa gani, yametokana na nini. Mimi nikaitwa. Afande aliyekuwa dawati, mzee wa makamo, Kiswahili cha kambini kile kinyoofu, akaniuliza ilikuwaje, nikamwambia mnyororo ulikatika. Ndio, nilidanganya, tena polisi, kwa kitu ambacho hata sikuhitaji kudanganya. Akaniambia kijana wangu, unajua hili linaweza kuwa kosa la jinai? Nikacheka kidogo, mbwa kuuma mtu ni jinai? Akasema mbwa kuuma si jinai, mbwa hana akili ya kushtakiwa. Wewe ndio una mnyama ambaye unajua anaweza kudhuru watu na hukuchukua tahadhari, kwenye Penal Code, sheria ya makosa ya jinai, uzembe wa namna hiyo umeandikwa, mstari huo huo wa watu wanaoendesha gari ovyo na wanaochezea moto. Kicheko kikaisha hapo hapo.

Akatupa nafasi tukaongee kwanza nyumbani kwa chamani wa LC1, mwenyekiti wa baraza la kijiji, yule mama akikataa turudi pale.

Kabla ya kikao nikamwendea wakili mmoja ambaye niliwahi kumtolea gari lake Mombasa, hakunitoza kitu, tulikaa kwenye kibanda cha rolex, zile chapati za mayai, tukiongea. Nilikwenda na silaha zangu tatu. Moja, mbwa si wangu. Mbili, kuna kibao. Tatu, hajawahi kuuma mtu, na mimi niliwahi kusikia kwamba kisheria mbwa anasamehewa uma wa kwanza.

Alianza na hiyo ya tatu kwa sababu ndiyo iliyomchekesha. Akasema watu wameishika vibaya. Hapa Uganda kwenye mambo haya mahakama bado zinatumia zile kanuni za Kiingereza tulizoingiziwa mwaka 1902, Uingereza wenyewe walishaandika sheria yao ya wanyama mwaka 1971 wakaenda mbele, sisi tumebaki na kanuni ya zamani. Inasema hivi: simba porini, chui, mnyama wa namna hiyo ukimfuga akadhuru mtu unalipa moja kwa moja, huwezi kusema sikujua ni mkali. Mbwa, ng'ombe, punda, hawa wanahesabiwa wapole, kwa hiyo anayedai lazima aonyeshe kwamba mwenye mnyama alijua huyu wake ana tabia ya kudhuru watu. Kujua ndio shina la kesi. Lakini kujua si lazima awe ameuma. Akiwa anarukia watu, anachana nguo, anafukuza wapita njia meno nje, na wewe unaona, umeshajua. Na hata asiyejua bado hajapona, kuna njia ya pili ya uzembe wa kawaida tu, mtu mwenye akili timamu angefunga mbwa mahali watoto wanapoingia au asingefunga? Hapo hawahitaji historia ya mbwa. Wanahitaji historia yako wewe siku hiyo.

Nikasema ndani ya moyo wangu, makaburini, simu sikupiga.

Kibao akakifurahia kuliko vyote. Akaniambia ndugu yangu wewe umewafanyia kazi yao. Wanatakiwa kuthibitisha ulijua mbwa ni mkali na wewe umeandika kwa rangi nyekundu ukagongelea misumari. Nikamwambia lakini nimewaonya watu! Akasema onyo lina kazi yake, akanipa kesi ya Uingereza ya miaka ya sabini, London, jamaa ana yadi ya magari mabovu analindwa na mbwa usiku, kuna kibao, mwanamke akaingia humo usiku bila shughuli ya halali akaumwa vibaya usoni, mahakama ya rufaa ikasema mwenye mbwa halipi. Macho yangu yakawaka. Akanizima, akasema sikiliza tofauti. Yule ni mtu mzima, usiku, ameingia mahali asipotakiwa kuwa. Wewe wako ni mtoto wa miaka 9, saa tano mchana, ana shilingi mia tano mkononi, na geti lako limemwita. Kwani chini ya MBWA KALI pameandikwa nini?

Sikuwa nimemwambia habari ya barafu. Alikuwa ameshanunua barafu hapo kwangu.

Ile ya umiliki hakuijibu sana, alisema tu mahakama haiangalii nani alinunua, inaangalia nani anamweka, nani ana mamlaka naye. Halafu akanieleza njia ilivyo kama yule mama akiamua kwenda mbele, na hii naiandika kwa sababu watu wengi hapa wanadhani kesi ya mbwa ni ya kijijini tu. Korti ya LC kwenye madai uwezo wake unaishia milioni 2, na kwa mambo ya majeraha kama haya wanachofanya vizuri ni kuwapatanisha, mkielewana mnaandikiana. Msipoelewana kuna hakimu wa Grade One ambaye anafika mbali zaidi ya hapo, na kwa majeraha ya uzembe mtu ana miaka 3 ya kufungua kesi, sio wiki mbili jambo likipoa. Kule fidia ziko za aina mbili. Kuna ya matumizi, dawa, nauli, genge lililofungwa, hiyo kila shilingi inataka karatasi, bila risiti hakimu anakuonea huruma lakini hakupi. Na kuna ya maumivu, kovu, hofu, hiyo haina risiti, hakimu anapima mwenyewe. Akaniangalia akasema hii ya pili ndiyo huwaamsha watu usiku. Mtoto wa kike, kovu mkononi, daktari ameshajaza PF3. Nenda kaongee na mama wa watu kwa adabu.

Kikao kilikuwa Jumamosi, chini ya mwembe wa chamani. Kamati ya LC1 ni watu 10 kwa sheria, walikuja sita, pamoja na mama mtoto na kaka yake mkubwa aliyetoka Malaba, na mtoto mwenyewe kakaa kwenye mkeka mguu umefungwa bandeji safi anachora chini na kijiti. Nikapewa nafasi. Nikaanza vizuri, pole nyingi, Mungu ni mwema, halafu sijui shetani gani, nikasema ingawa kwa kweli wazee wangu mbwa mwenyewe si wangu, ni wa shemeji.

Chamani ni mzee mpole sana, alistaafu ualimu wa praimari. Akauliza taratibu:

"Anakula kwa nani?"

Sikujibu.

"Usiku anabwekea nyumba ya nani?"

Watu wakaanza kucheka, hata yule kaka wa Malaba. Chamani hakucheka. Akasema basi tumemjua mwenye mbwa, tuendelee, mnyororo ulikatika ulisema polisi, sio? Nikasema ndio mzee. Akamgeukia mtoto wa mke wangu, kijana wa sekondari, S2, akamwambia mwanangu kimbia nyumbani utuletee huo mnyororo tuuone.

Zile dakika tano ndizo dakika ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa kwenye kiti cha plastiki. Kijana akarudi na mnyororo umening'inia shingoni kwake kama mkufu, mzima, kila pete iko mahali pake na kufuli lake dogo. Akauweka mezani. Hakuna aliyesema neno. Mama mtoto hakuniangalia mimi, alimwangalia mke wangu, na mke wangu aliangalia mnyororo, ndipo alipojua na yeye.

Nikasema. Nilisahau. Nikasema na habari ya makaburini, kwamba nilikumbuka na sikupiga simu. Nikiwa naendelea mzee wa usalama wa kijiji akadakia, na yule wa boda je? Kumbe hawakusahau. Miezi kama mitano nyuma Simba alimchania suruali kijana wa boda aliyeleta mkaa, nikamlipa elfu 15 tukamaliza, na tulimalizia wapi, hapo hapo kwa chamani, mbele ya huyo huyo mzee wa usalama. Mimi kichwani mwangu ile ilikuwa habari ya suruali. Kwa sheria ilikuwa habari ya kujua. Wakili angekuwepo angeshika kichwa.

Cha ajabu ni kwamba baada ya hapo kikao kikawa chepesi. Mama mtoto akaongea mara ya kwanza, akasema yeye hakuja kutafuta utajiri kwenye mguu wa mtoto wake, alichoka kusikia anasaidiwa. Akatoa kaveera, mfuko wa plastiki, lenye karatasi, kila risiti, hata ya boda, hata daftari la mauzo ya genge lake kuonyesha siku alizofunga, nikaona huyu mama na wakili wangu wamesoma shule moja. Wakajumlisha. Yale niliyokwisha kulipa yakahesabiwa, yaliyobaki nikalipa palepale, sindano zilizobaki na nauli zake juu yangu mpaka ya siku ya 28, na juu yake laki 6 ya maumivu ya mtoto, awamu mbili. Kaka wa Malaba alitaka milioni moja na nusu. Mimi nilikuwa nimekuja na laki mbili mfukoni nikiamini zinatosha kabisa. Ukichanganya yote na Mbale, Simba alinitoka karibu milioni moja na laki mbili, pesa ambayo komeo la geti na simu moja ya dakika moja vingeiokoa.

Tukaandikiana kurasa mbili, majina, kiasi, tarehe za malipo, na kwamba kidonda kikileta shida nyingine inayotokana na ile ile mimi nitaihudumia. Mke wangu ndiye aliyesema kiandikwe hicho kipengele, sijui kama alikuwa ananiadhibu. Sahihi, mashahidi, mhuri wa LC, nakala moja yeye, moja mimi, moja tukampelekea afande. Afande akasoma yote taratibu akasema sawa, lakini mjue jinai haiuzwi kwa chamani, faili naliweka, mbwa huyu nikimsikia tena nalitoa. Sijui kama alikuwa ananitisha au anasema kweli, na sikuuliza.

Simba alimaliza siku zake 10 mzima, tena alinenepa maana kila mtu alikuwa anapita kumchungulia anampa kitu. Usiku wa siku ya tisa mimi sikulala. Ilikuwa imeshaniingia kwamba kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu hakuna hospitali itakayomrudisha, na kila nikisikia mbwa anakohoa natoka na tochi, nakuta amelala ananiangalia kama mimi ndiye mgonjwa. Asubuhi ya siku ya kumi mama mtoto alikuwa wa kwanza kufika getini, akamtazama mbwa, mbwa akatikisa mkia, akaondoka. Sindano za mtoto hatukuzikatisha, daktari alisema tumalize.

Chanjo yake mwenyewe alipigwa baada ya zile siku 10, na sasa nina tarehe yake kwenye simu. Watu wangu, tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, ile aliyofariki Pasteur wa Ufaransa aliyetengeneza chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo kwa mtu mwaka 1885, na karibu na siku hiyo sehemu nyingi wanachanja mbwa bure, ulizieni kwa ofisa wa mifugo wa kwenu mapema. Komeo la geti lilikula elfu 12. Barafu siku hizi zinauzwa kwenye kidirisha tulichotoboa ukutani, upande wa barabara, mtoto hahitaji kuingia. Kibao cha barafu kimehamia hapo. Kile chekundu kilibaki, nilimuuliza wakili nikitoe akasema kiache, tatizo halikuwa kibao, ulikiacha kifanye kazi yako.

Yule binti anakuja kununua mpaka leo, ila anasimama hatua mbili kutoka dirishani ananyoosha mkono mrefu, ule wenye kovu, na mke wangu humwongeza moja.

Shemeji alirudi kutoka Juba Disemba. Alikuta Simba amekuwa dume kubwa, akafurahi sana, akapiga naye picha. Jioni tukiwa tumekaa nikamletea kaveera langu, nakala za risiti zote na ile karatasi ya mhuri, nikamwambia shemeji, mbwa wako huyu alipita huku na huku, angalia utanikatia kiasi gani. Akazipekua zote taratibu, akafika mwisho, akazirudisha ndani ya kaveera akalifunga vizuri.

"Shem," akasema, "kwani huyu mbwa anakula kwa nani?"

Mke wangu alikuwa ameshamhadithia.